Asilimia Tisa ya Mama Pacha

Wapo watu wakijifunza neno moja jipya, majirani wote wanakoma. Baba Pacha alipojifunza asilimia, walikoma mpaka wa nyumbani kwake. Chumvi ikizidi kwenye mboga, alisema imezidi kwa asilimia ishirini. Watoto wakichelewa kuamka, pacha mmoja alikuwa amechelewa asilimia thelathini zaidi ya mwenzake. Mkewe, Mama Pacha, alimtazama tu akaendelea na shughuli zake, maana mwanamke aliyelea mapacha hashtuliwi na mambo madogo. Kazini walimwita Bwana Asilimia, naye maskini ya Mungu alidhani wanamsifu.

Alikuwa karani wa takwimu katika kampuni ya magodoro. Kampuni ilikuwa na matawi manne na ofisi kuu ghorofani, juu ya ghala, ambako vumbi la sponji lilipanda ngazi lenyewe likaingia hadi kwenye vikombe vya chai. Kazi yake ilikuwa kupokea orodha za mauzo kutoka matawini, kuziingiza kwenye kompyuta, na kumpelekea karatasi Mkurugenzi, ambaye hakuzisoma. Mkurugenzi hakupenda namba nyingi. Alisema zinamrudisha shule, na shule yenyewe, tuseme ukweli, hawakuachana kwa wema.

Ndipo Baba Pacha akapelekwa semina, akarudi na cheti chenye muhuri pamoja na kitu kinachoitwa jedwali la pivoti. Si uchawi. Unalipatia jedwali hilo orodha yako ndefu, nani kauza nini na katika tawi gani, nalo linakupangia wauzaji wote chini ya matawi yao, kila tawi na jumla yake ndogo, na mwisho kabisa jumla kuu ya kampuni. Halafu kuna mahali pa kubonyeza ukitaka asilimia badala ya idadi. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kompyuta inakuuliza asilimia ya nini: ya jumla kuu ya kampuni, au ya jumla ndogo ya tawi? Ni swali la maana. Hata mtoto ukimwambia amekula nusu, atakuuliza nusu ya mkate au nusu ya kipande.

Baba Pacha hakujiuliza. Alibonyeza la pili kwa sababu namba zake zilitoka kubwa kubwa, za kupendeza. Kisha akaona zile jumla ndogo zinachafua ukurasa, akazificha. Idadi ya magodoro nayo akaificha. Majina ya matawi akayaficha pia. Yakabaki majina ya watu na asilimia zao, akayapanga kuanzia mkubwa hadi mdogo, juu akapaka kijani, chini nyekundu. Ukurasa ukapendeza kama kadi ya harusi, na ukawa na ukweli wa kiasi hicho hicho.

Juu kabisa, kwenye kijani kilichokolea, lilikaa jina la muuzaji wa tawi la njiapanda. Asilimia mia moja.

Sasa huyo wa njiapanda, wenzake walimwita Bwana Lepe, na hawakumwonea. Tawi lake lilikuwa chumba kimoja chenye muuzaji mmoja, yeye mwenyewe, na katika miezi mitatu alikuwa ameuza magodoro manne, moja kwa mama mkwe wake. Tawi limeuza manne, yeye kauza manne. Mia kwa mia. Angeuza moja ingekuwa mia kwa mia vilevile, na muda uliobaki angeendelea kulala.

Chini, kwenye nyekundu, walijipanga wauzaji wa tawi la sokoni, watu kumi na wanne, wote bila kubakiza hata mmoja. Tawi la sokoni ndilo lililokuwa linauza magodoro kwa mamia. Ndilo lililolipia hata umeme wa kompyuta ya Baba Pacha. Lakini mamia hayo waligawana watu kumi na wanne, na kitu mkikigawana watu kumi na wanne, fungu la kila mmoja litakuwa dogo hata kama mmegawana ng'ombe mzima. Aliyewazidi wenzake wote alikuwa na asilimia tisa. Huyo alikuwa Mama Pacha.

Baba Pacha aliliona jina la mkewe kwenye nyekundu akaona haya. Hakujiuliza kama kuna kitu hakiko sawa, la hasha. Aliona haya jinsi mwalimu anavyoona haya mwanawe akishika mkia darasani. Akajiambia kwamba atakwenda kumshauri ajitahidi.

Mkurugenzi alipouona ukurasa ule aliupenda papo hapo. Aliuweka mezani akaulaza sawasawa kwa viganja viwili.

"Kumbe tuna mtu wa asilimia mia moja na hamkuniambia," alisema. "Na hawa wa sita, wa saba, hawa wanatufanyia nini?"

"Ndiyo hali halisi, Mkurugenzi," alisema Baba Pacha, akijisikia mrefu.

"Basi anayeanguka chini ya kumi, mwisho wa mwezi tumshukuru kwa huduma yake."

Kushukuriwa kwa huduma, kwa lugha ya watu wenye viti vya ngozi, ni kufukuzwa kazi. Baba Pacha aliikumbuka ile tisa ya mkewe, lakini Mkurugenzi alikuwa amemshika bega, na ile ilikuwa mara ya kwanza bega lake kushikwa na mtu mkubwa. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake walikwenda wote wawili njiapanda kujifunza kwa bingwa. Walimkuta bingwa amelala chali juu ya godoro la maonyesho, nailoni haijatolewa, viatu vimepangwa chini kwa adabu. Mkurugenzi aliweka kidole mdomoni ili Baba Pacha asimwamshe.

"Mwangalie," alinong'ona. "Huyu anaijua bidhaa yake."

Bwana Lepe alipofumbua macho na kuona tumbo la Mkurugenzi limemsimamia, alijua siku zake zimekwisha. Aliulizwa siri ya mafanikio yake. Alitafuta, akakosa, akasema kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho: "Mimi mteja simsumbui, bosi." Baba Pacha aliambiwa aandike. Kabla wiki haijaisha, maneno MTEJA HASUMBULIWI yalikuwa yamebandikwa kwenye kuta za matawi yote, na kule sokoni, ambako mteja asiposumbuliwa anavuka barabara kwa mshindani, wauzaji waliyasoma wakatazamana.

Habari za kushukuriwa zilifika sokoni kwa mdomo wa dereva wa kampuni. Jumapili mchana Mama Pacha aliketi mezani akijikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Godoro ni kitu kipumbavu kubeba. Si zito sana, lakini halina pa kulishika, linakuinamia kichwani na kukuziba macho, na mteja anataka ulibebe mpaka kwenye gari lake, ulipakie, ulifunge kamba, kisha anakuambia amebadili mawazo, anataka la inchi nane.

"Baba Pacha, ni kweli tunafukuzwa?"

"Hamfukuzwi. Mnashukuriwa."

"Sawa. Ni kweli tunashukuriwa?"

Baba Pacha alikohoa. Alikuwa amejiandaa kwa mazungumzo haya, ila hakujiandaa kwa jinsi mkewe alivyokuwa anamtazama. "Asilimia tisa, Mama Pacha. Wewe mwenyewe niambie. Mwenzako ana mia."

"Mwenzangu yupi?"

"Wa njiapanda."

Mama Pacha aliacha kukanda bega. "Yule anayelala?"

"Namba hazina upendeleo."

"Kodi ya nyumba hii nalipa mimi, Baba Pacha. Mshahara wako unalipa yaliyobaki, pamoja na suti zako. Nikishukuriwa, tunahamia wapi na watoto?" Hakupandisha sauti. "Nenda kaniangalizie vizuri. Sijalala hata siku moja kwenye lile duka."

Baba Pacha akainuka kwenda kuchukua kompyuta, na nia yake, nakuapia, haikuwa kumsaidia. Alitaka kumletea ushahidi. Alitaka kumwekea mezani, mbele ya chai yake, jinsi alivyo mzembe. Akalifungua jedwali, na ili aonekane ametenda haki, akazifichua zile safu alizozificha mwanzoni.

Mama Pacha, magodoro sitini na matatu. Bwana Lepe, magodoro manne.

Alipangusa kioo kwa kidole akidhani ni uchafu. Namba hazikutoka. Akafichua na jumla ndogo: sokoni mia saba, njiapanda manne. Sitini na matatu katika mia saba ni asilimia tisa. Manne katika manne ni asilimia mia. Kompyuta ilikuwa imejibu vizuri kabisa swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa na haja nalo, na mpumbavu mmoja mwenye cheti akawapanga watu wa mafungu mbalimbali kwenye mstari mmoja kana kwamba wamegawiwa kutoka chungu kimoja. Jasho lilimtoka Baba Pacha mpaka kwenye kope.

"Umeona nini?" mkewe aliuliza.

"Mtandao unasumbua," alisema, akaifunga kompyuta. Jedwali lile halikuwa hata kwenye mtandao.

Jumatatu asubuhi alikwenda kusema ukweli. Hilo tumpe, maana si wote wangekwenda. Alipanda ngazi akilifanyia mazoezi neno moja: nilikosea, Mkurugenzi, nilikosea. Si neno refu. Watoto wadogo wanalisema wakiwa wamemwaga maziwa. Lakini alipoingia, Mkurugenzi alimwambia, "Ah, umefika, njoo nikuonyeshe," akamwongoza hadi mwisho wa korido na kufungua mlango. Ndani kulikuwa na meza pana, dirisha lisiloelekea ghalani, na kiti cha kuzunguka. Mlangoni palikuwa pamegongomelewa kibao: MKUU WA IDARA YA ASILIMIA.

"Kaa," alisema Mkurugenzi. "Kijaribu."

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lilipokiona kiti, likarudi lilikotoka.

Bora lawama kuliko fedheha, husema wahenga, lakini Baba Pacha alitaka kukwepa vyote viwili. Siku tatu alizunguka kwenye kiti chake kipya akitafuta njia ya kumwokoa mkewe bila kulitapika lile neno. Ya nne akaipata, akajiona mjanja kupita kiasi. Kwenye orodha ya mauzo, mbele ya kila mstari wa Mama Pacha, palipoandikwa "sokoni," alifuta akaandika "mlangoni." Basi. Jedwali lilipojipanga upya, kampuni ilikuwa imepata tawi la tano lenye muuzaji mmoja, na muuzaji huyo, Mama Pacha, alikuwa na asilimia mia moja. Wenzake waliobaki sokoni walipanda kidogo, maana fungu lake kubwa lilikuwa limeondoka kwenye jumla yao, lakini hakuna aliyefika kumi. Baba Pacha aliwatazama wale kumi na watatu kwenye nyekundu akasema moyoni kwamba Mungu hamtupi mja wake. Ni rahisi sana kumsukumia Mungu watu uliowatupa wewe.

Hakumwambia mkewe kitu. Alitaka iwe zawadi.

Mkutano wa kushukuru ulifanyika Ijumaa dukani kwenyewe, sokoni, katikati ya magodoro yaliyorundikwa mpaka darini. Walitundika shuka jeupe kwenye rundo moja, wakawasha projekta. Mkurugenzi alisimama mbele. Bwana Lepe alikuwa mgeni wa heshima, na kwa kukosa viti walimketisha juu ya godoro, jambo ambalo mtu yeyote anayemfahamu asingelifanya. Wauzaji kumi na wanne walisimama nyuma na aproni zao, mikono wameikunja.

Mkurugenzi alisoma kutoka kwenye shuka. "Asilimia mia moja, njiapanda. Mnamwona hapa. Asilimia mia moja nyingine, tawi la mlangoni, Mama Pacha. Hongera sana, mama."

Muuzaji mkongwe wa duka lile, bibi mmoja wa mito na foronya aliyeanza kazi kabla Mkurugenzi hajaota ndevu, aligeuka akautazama mlango.

"Mlangoni ndiyo tawi?" aliuliza. "Pale si ndipo tunapoweka ndoo ya kudekia?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anasoma shuka. Alisoma jina lake juu kwenye kijani, akashuka taratibu kwa macho mpaka kwenye nyekundu, akawasoma wenzake mmoja mmoja, watu aliobebana nao magodoro na kushikiana zamu watoto walipougua. Kisha akamtazama mumewe, na Baba Pacha alielewa kwamba zawadi yake haikupokelewa.

"Baba Pacha," alisema, "hilo tawi umelijenga lini?"

"Kuna tatizo?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mimi nauza hapa, na hawa. Kama nimeondolewa kwenye hesabu yao, nataka kujua nimeondolewa na nani na kwa nini. Na kama hesabu iko sawa, nirudishwe."

Mkurugenzi alimgeukia mkuu wake wa idara. Watu wote walimgeukia. Baba Pacha alikuwa ameshika kipanya juu ya kimeza kidogo. Lilihitajika neno moja tu, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kulisemea, maana ushahidi wote ulikuwa umetundikwa kwenye shuka. Angesema nilikosea, angefichua zile jumla ndogo, na hata Mkurugenzi, ambaye namba zilimtesa, angeona mia saba ya sokoni na manne ya njiapanda kwa macho yake. Wote kumi na wanne wangebaki kazini. Yeye angepoteza kiti.

"Ni kompyuta, Mkurugenzi," alisema. "Imeteleza kidogo."

"Basi irekebishe."

Akairekebisha. Mbele ya watu wote, kwa kidole chake mwenyewe, aliandika "sokoni" palipokuwa na "mlangoni" akabonyeza. Kwenye shuka jina la mkewe liliondoka kwenye kijani, likateremka likiwapita watu wa matawi mengine mmoja baada ya mwingine, likatua kwenye nyekundu. Asilimia tisa.

Mkurugenzi alipiga makofi. "Mmeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa na hisia za kweli. "Mmeona uadilifu? Hata mke wake. Ninyi mnataka upendeleo, na mwenzenu hata mke wake hakumwonea haya." Watu wa ofisi kuu walipiga makofi. Bwana Lepe aliamshwa na makofi hayo, naye akapiga.

Wauzaji kumi na wanne walivua aproni. Bibi wa mito aliikunja yake vizuri kabisa, kingo kwa kingo, akaiweka mikononi mwa Mkurugenzi kwa kuwa kimeza pekee kilikuwa na kompyuta.

Baba Pacha alifika nyumbani jua lingali juu. Njia nzima alikuwa amelisema lile neno kwa sauti, watu wakampisha. Mama Pacha alikuwa mezani na mfuko wa vitu vyake vya dukani: viatu vya kusimamia, futi kamba, na kipande cha sabuni ambacho si mali ya kampuni.

"Nilikosea," alisema Baba Pacha, kabla hata hajaketi.

"Lini?"

"Tangu mwanzo. Nilibonyeza asilimia ya kila tawi, nikawapanga watu kana kwamba ni ya kampuni nzima. Wewe ndiye muuzaji wa kwanza, Mama Pacha. Katika kampuni yote hakuna anayekufikia."

Alidhani hilo la mwisho litamfurahisha. Mkewe alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ulipokuwa umekaa hapo, mimi nakuuliza umeona nini."

"Ndiyo."

"Na leo, nilipokuuliza mbele za watu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua." Macho yalimjaa machozi, ya kweli kabisa. "Jumatatu nakwenda kumwambia. Nakuapia, mke wangu. Nitamwambia kila kitu."

"Jumatatu nani atakuwepo dukani wa kusikia?"

Mapacha walikuwa wanagombania kitu uani, na mmoja wao alianza kulia.

"Wewe umekosea mambo mengi, Baba Pacha," alisema mkewe, bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ulikosea tarehe ya harusi ya mdogo wangu, tukafika ukumbini wanafagia. Ulikosea ukampa dawa pacha mzima, ukamwacha mgonjwa. Nilikutetea kwa mama yangu, nikakutetea kwa majirani, na sikuwahi kufikiria kukuacha, kwa sababu mtu anayekosea nilishamzoea, ndiye niliyeolewa naye. Huyu wa leo, ambaye mbele za watu hakosei, mimi simjui."

Akainuka, akaenda uani kumnyamazisha mtoto.